Ndama Aliyeandikwa Mara Mbili

Kompyuta kuukuu ikiwashwa baada ya kukaa siku nyingi hutoa harufu ya vumbi linaloungua. Si harufu mbaya. Ukiivuta haraka unaweza kudhani jirani amesahau chapati kwenye moto. Mwezi uliopita niliisikia ofisini, fundi alipowasha mashine moja iliyokuwa imetupwa stoo, nikajikuta nimesimama mlangoni na kikombe cha chai mkononi bila kujua nilikuwa nikienda wapi. Wenzangu walicheka, nikawaambia nina usingizi. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimerudi nyumbani Bomet, kwenye chumba ambamo nyanya yangu aliweka vibuyu vyake vya mursik, maziwa yetu ya kugandishwa kwa mkaa. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na nilikuwa na hatia ambayo hakuna mtu aliyekuwa ameigundua.

Nyanya tulimwita Kogo, kama watoto wote wa kwetu wanavyowaita nyanya zao. Chumba chake ndicho pekee kilichokuwa na sakafu ya simiti na mahali pa kuchomeka waya wa stima, kwa hivyo baba yangu mdogo alipofunga saiba yake, duka la kukodisha intaneti, kule Chepseon, mashine moja ililetwa hapo na kuwekwa mezani, katikati ya vibuyu. Watu walikuwa wameanza kubeba intaneti mfukoni, na wateja wakamhama mmoja mmoja. Alileta kompyuta hiyo pamoja na kitabu kimoja cha kufundisha mambo ya hifadhidata. Akaniambia, "Chebet, wewe ndiye mwenye kichwa. Jifunze." Kisha akaenda kutafuta kazi ya kuendesha pikipiki, na hakunifundisha hata jinsi ya kuizima.

Kitabu kilikuwa cha Kiingereza, kinene, hakina jalada, na kilianzia ukurasa wa kumi na saba. Sura ya tano ilikatikia katikati ya sentensi. Sura ya sita haikuwepo kabisa. Mpaka leo nashuku Mama aliwashia moto, ingawa yeye anasema ni panya. Sura ya saba ilianza kwa maneno "kama tulivyoona". Mimi sikuwa nimeona kitu. Niliisoma hiyo sura ya saba labda mara ishirini, nikitumaini nitaona walichokiona wenzangu, na kila mara nilitoka nimechanganyikiwa kuliko nilivyoingia.

Nilielewa jedwali, kwa sababu jedwali ni kama daftari: safu za kwenda chini, mistari ya kwenda kando. Nilielewa pia kwamba mashine hii unaweza kuiuliza swali na ikakujibu. Hilo lilinifurahisha mno, maana kwetu mtoto akiuliza maswali mengi hutumwa kuni. Basi nikaandika ng'ombe wa Kogo wote ninaowajua, mmoja mmoja, halafu nikaiuliza kwa Kiswahili safi: Ng'ombe wa Kogo ni wangapi? Mashine ikajibu kwa Kiingereza, kwa ukali, kwamba nimekosea.

Sasa, lazima nieleze kwamba kwetu ng'ombe hawahesabiwi. Unaweza kuwatazama, unaweza kujua nani hayupo, lakini kuwanyooshea kidole na kusema mmoja, wawili, watatu, ni kuwaitia balaa. Nilikuwa nimechapwa mara moja kwa sababu hiyo. Kwa hivyo mashine ilipokataa, nilijua kosa langu mara moja. Nilienda jikoni nikamwambia Kogo kwamba kompyuta imekataa kuhesabu ng'ombe.

Kogo hakushangaa hata kidogo. "Si nilikuambia?" alisema, akiendelea kusugua kibuyu kwa mkaa. "Hata hiyo kombiuta inajua."

Niliamini hivyo kwa karibu wiki mbili. Niliiheshimu mashine ile sana, nikaona imelelewa vizuri. Halafu nikafika mahali kwenye kitabu palipoonyesha neno la kuhesabia, nikaliandika kama lilivyo, nikabonyeza, na mashine ikanipa jibu bila aibu yoyote. Niling'oa waya ukutani. Nikakimbia mpaka kwenye boma la ng'ombe kuangalia kama wote bado wamesimama. Walikuwa wakitafuna majani ya nepia, wakaniangalia kama kawaida yao. Sikumwambia Kogo. Ndiyo ilikuwa siri yangu ya kwanza na mashine ile, na labda ningejifunza hapo kwamba haijui mila wala haijui mtu, inajua tu ulichoiambia. Lakini nilikuwa mtoto, na nilichojifunza ni kwamba mashine inajua zaidi ya Kogo.

Baba alikuwa katibu wa kikundi cha wafugaji. Kikundi kilikuwa na watu wa juu, yaani sisi, wenye vipande vya majani chai na ng'ombe wa kufungia bandani, na watu wa chini, upande wa Siongiroi, kwenye malisho mapana. Chini kuna nyasi, lakini pia kuna kupe, na kupe huleta ndigana, ugonjwa unaoua ndama kabla hujamaliza kumpa jina. Mwaka huo kikundi kilikubaliana kuleta chanjo. Daktari wa mifugo alieleza kwamba dawa hiyo husafirishwa imegandishwa, na ikishayeyushwa ni lazima itumike siku hiyo hiyo. Kwa hivyo alitaka orodha kamili, iliyopigwa chapa, inayoonyesha kila ndama na mahali alipo. Yeye angekuja juu na mwenzake angeenda chini, siku moja, kila mmoja na dozi zake kamili. Dozi za kikundi zilikuwa arobaini, kwa hivyo ndama wote pamoja wawe arobaini. Asiyekuwa kwenye orodha hangepata.

"Chebet atatuwekea kwa kompyuta," Baba aliwaambia wenzake mkutanoni. Aliporudi nyumbani aliyarudia maneno hayo mbele yangu mara tatu, na mara zote tatu nilijifanya sijasikia ili ayaseme tena.

Nilikaa na daftari lake siku kadhaa baada ya shule. Kurasa za mbele zilikuwa za watu wa juu, kwa mwandiko wa Baba. Kurasa za nyuma zililetwa kutoka chini na mzee mmoja anayeitwa Sang, aliyewaandika watu wa upande wake kwa penseli. Nilitengeneza jedwali moja tu, kwa kuwa sikujua kwamba yanaweza kuwa mawili yakaunganishwa. Hiyo nilikuja kugundua miaka michache baadaye kwamba ndiyo sura ya sita yenyewe. Jedwali langu lilikuwa na jina la ndama, mwenyewe, mahali, na kama amechanjwa. Ndama asiye na jina niliandika ndama wa mama yake. Nilipomaliza niliuliza mashine jumla. Ikasema arobaini na moja.

Nilitafuta kosa mpaka macho yakauma. Nikalipata. Ndama wa Chelel alikuwa ameandikwa mara mbili. Kwenye kurasa za mbele alikuwa wa Mama Chelangat, juu. Kwenye kurasa za nyuma alikuwa wa Sang, chini. Chelel ni jina la ng'ombe, maana yake mweupe. Hapakuwa na Chelel wawili.

Mama Chelangat nilimjua vizuri. Alikuwa jirani yetu na rafiki mkubwa wa Kogo, ingawa Kogo alimzidi kwa miaka mingi. Alikuwa mjane. Kipande chake cha shamba kilijaa chai mpaka mlangoni, na vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa utomvu wa majani, havikutakata hata Jumapili akienda kanisani. Mumewe alipokufa ng'ombe walitawanyika, akabaki na Chelel peke yake, ambaye mimi nilidhani amefungiwa nyuma ya nyumba. Chelel alikuwa amezaa madume mawili mfululizo, na mwaka huo ndipo alipozaa jike. Nilimsikia Mama Chelangat akimwambia Kogo jikoni kwetu, akishika bakuli la chai kwa mikono yote miwili, "Huyu ndiye atanirudishia boma. Mungu akinisaidia akue tu." Aliyasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kusikika akiomba.

Kwa hivyo nilipoona jina la Sang mbele ya ndama huyo, nilipandwa na hasira. Sang nilikuwa nimemwona mara moja tu, mzee mrefu wa koti la mvua, aliyecheka sana na kula ugali wetu mara mbili. Nilimwendea Kogo.

"Kogo, Chelel ni ya nani?"

"Ni ya Mama Chelangat." Kisha akaniangalia. "Kwani nani anauliza?"

"Hakuna mtu."

"Basi usiende ukisema hiyo maneno huko nje."

Jibu hilo lilinichanganya kabisa. Kama Chelel ni wa Mama Chelangat, kwa nini isemwe kwa kunong'ona? Nilifikiri kwa akili yangu yote ya miaka kumi na miwili, nikapata maelezo ambayo yalinitosha: Sang anataka kumnyang'anya mjane ndama wake, watu wazima wanajua, na wanaogopa kusema. Kitabu nacho kilikuwa na ukurasa mzima unaosema kwamba kitu kimoja kikiandikwa mara mbili, data imechafuka, na kazi yako ni kuisafisha. Sikuona haja ya kumuuliza mtu mwingine. Niliandika DELETE, nikaandika jina la Sang na la ndama, nikahakikisha mara mbili, nikabonyeza. Mstari ukatoweka. Nikauliza jumla. Arobaini. Nakumbuka nilivyosikia raha, kama nimemtoa mtoto wa watu mtoni.

Baba alienda kupiga chapa mjini. Alirudi na karatasi ndani ya bahasha ili isilowe, na kila aliyepita nyumbani alionyeshwa.

Siku ya chanjo watu walikusanyika kwenye mbao za kubania ng'ombe, karibu na kituo cha kununulia chai. Daktari alikuwa na mtungi ambao ulipofunguliwa ulitoa moshi mweupe wa baridi, na sisi watoto tulisukumana kuuona. Alikuwa akiita jina, ndama anasukumwa kwenye mbao, anadungwa, anawekwa tagi sikioni, anatoka akirusha miguu. Mimi nilisimama karibu na Baba, nikiangalia karatasi yangu mkononi mwa daktari. Sijawahi kujiona mkubwa namna ile tena.

"Ndama wa Chelel," daktari aliita. "Mama Chelangat."

Mama Chelangat alitokea kwenye chai, kikapu bado mgongoni. "Hayuko huku," alisema. "Ako chini kwa Sang. Si niliwaambia?"

"Hapa imeandikwa ako huku," daktari akasema.

"Anaweza kuwa huku aje na mama yake ako Siongiroi?"

Baba alichukua karatasi, akaiangalia juu na chini. Akampigia Sang simu. Tulisikia sauti ya Sang ikitoka kwenye simu, kubwa kama kawaida: daktari wa chini amemaliza, amefunga mtungi, ameshaondoka, ndama wa Chelel alikataliwa kwa sababu jina halipo. "Nilimwambia niliandika kwa mkono yangu mwenyewe," Sang alisema. "Akasema yeye anafuata listi."

Baba aliuliza kama dawa inaweza kupelekwa kwa pikipiki. Daktari alitikisa kichwa. Barabara ya chini ilikuwa matope matupu kwa mvua ya wiki hiyo, dawa ilikuwa imeshayeyuka tangu asubuhi, na hangempa mtu sindano aende nayo. Dozi moja ilikuwa imebaki mkononi mwake. Tukaiangalia wote.

Mama Chelangat ndiye aliyesema. "Si katibu ako na ndama ilizaliwa juzi? Mpatie huyo. Mtamwaga dawa bure?"

Kweli tulikuwa na ndama aliyezaliwa baada ya orodha kufungwa. Aliletwa, akadungwa, akapewa tagi. Baba alimshukuru Mama Chelangat, akamwomba msamaha mbele ya watu. "Ni kompyuta imekosea," alisema. Watu wakatikisa vichwa. Mmoja akasema hizo mashine si za kuaminika.

Mimi nilijificha nyuma ya Baba. Nilishukuru kwamba kompyuta haina mdomo. Naona haya kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Na bado nilikuwa sielewi. Kama ndama ni wake, kwa nini anakaa kwa mtu mwingine? Na kama Sang ni mwizi, kwa nini Mama Chelangat ametaja jina lake kama mtu anayetaja la ndugu?

Jioni hiyo nilimuuliza Kogo tulipokuwa tukikamua. Nilimuuliza kwa mbali, kama kwamba nauliza habari za watu wengine. Akanieleza kimanagan, kwa ufupi, bila kuacha kukamua, kama kitu ambacho hata ndama mwenyewe anakijua. Mtu akiwa hana malisho, au akiogopa ugonjwa usimmalizie wote kwa boma moja, au akiwa hataki kila jicho lijue alicho nacho, hupeleka ng'ombe wake kwa mtu anayemwamini. Yule hukaa naye, hunywa maziwa, humtoa kupe. Ng'ombe anabaki wa mwenyewe, na watoto wake pia.

"Sasa ni ya nani?" niliuliza.

"Ni ya Mama Chelangat."

"Na Sang?"

"Sang ndiye ako naye."

"Lakini lazima iwe ya mmoja, Kogo."

Aliniangalia kwa huruma, kama ninavyomwangalia sasa mtu anayebonyeza kitufe kimoja mara kumi. "Nani alikuambia lazima?" alisema.

Ni kitabu kilikuwa kimeniambia. Au labda hakikuniambia, labda kilikuwa kimesema vinginevyo kwenye kurasa zilizochomwa. Nilikaa na ndoo yangu ya maziwa nikijaribu kulipanga jambo hilo kichwani, ndama mmoja, watu wawili, hakuna mwongo, na halikupangika. Nililoelewa ni moja tu, kwamba huko chini kulikuwa na ndama aliyekuwa kwenye nyasi zenye kupe bila chanjo, na kwamba ndama wetu aliyefungiwa juu kwenye baridi, ambako kupe ni wachache, ndiye aliyekunywa bahati yake. Kuanzia siku hiyo niliomba kila asubuhi. Niliomba kwa Kiswahili, Kikipsigis na Kiingereza, maana sikujua ni ipi ingefika kwanza.

Haikufika hata moja. Wiki chache baadaye Sang alikuja mwenyewe kutoka Siongiroi. Alifika mchana, na koti lake la mvua, lakini safari hii hakucheka. Mkononi alikuwa na gunia lililokunjwa. Alipitia kwetu kwanza ili Kogo amsindikize, kwa kuwa habari kama hiyo haipelekwi na mtu mmoja, na nikawafuata bila kuitwa. Mama Chelangat alipomwona na lile gunia, alikaa chini palepale kwenye kibao cha mlangoni.

Sang alilifungua. Ilikuwa ngozi ndogo, nyeupe, na doa moja jeusi. Mtu aliyewekewa ng'ombe, ng'ombe akifa, hurudisha ngozi ili mwenyewe aone kwa macho yake. Alieleza jinsi tezi zilivyovimba chini ya sikio, jinsi povu lilivyoanza kutoka puani, jinsi alivyomtafuta daktari na kukaa na ndama huyo mpaka mwisho. Alieleza yote pole pole, akiangalia chini, mzee mzima. "Nisamehe," alimwambia. "Aliharibikia kwa mkono yangu."

Huyo ndiye niliyemwita mwizi. Nilikuwa nimesimama nyuma ya Kogo. Nilitaka kusema hapohapo, nikashindwa. Mdomo ulikuwa wangu lakini ulikataa.

Nilimwambia Kogo kesho yake. Nilimwambia yote, la DELETE na la arobaini na moja, na nilipofika mahali pa kusema nilidhani Sang ni mwizi, nililia mpaka maneno yakakatika. Sikujua kama ameelewa. Hakuniuliza kitu kuhusu mashine. Alienda bandani, akamfunga kamba ndama wetu, yule mwenye tagi, akaniwekea kamba mkononi. "Twende," alisema.

Mama Chelangat alikuwa akipepeta mahindi. Alituona, akamwona na ndama, akaacha.

"Sema," Kogo aliniambia.

"Si kompyuta ilikosea," nilisema. "Ni mimi. Nilifuta."

"Ulifuta nini?"

"Ndama aliandikwa mara mbili. Nikafuta moja."

Alifikiri. "Ulifuta mimi ama ulifuta Sang?"

"Sang."

"Na mbona hukuniuliza? Nyumba yangu si hii hapa?"

Nilizungusha kamba ya ndama kwenye kidole. "Nilidhani anaongopa."

"Sang?" alisema. "Sang?" Akacheka. Kicheko chenyewe kilikuwa kifupi na hakikuwa na furaha, na kilinitisha kuliko kama angenipiga. Kisha akamgeukia Kogo. "Mama, rudi na hii ndama yenu. Dawa ingemwagwa. Mimi ndiye nilisema apatiwe."

"Ni yako," Kogo alisema.

"Si yangu. Yangu imekuja kwa gunia." Akajifuta mikono kwa leso. "Lakini nataka kuona hiyo mashine."

Tulirudi wote watatu na ndama wetu nyuma. Nilimpa Mama Chelangat kiti, akakataa, akasimama nyuma yangu. Niliiwasha. Ilichukua muda wake kama kawaida, na muda wote huo nilimsikia akipumua. Nilifungua jedwali nikamwonyesha mstari wake kwa kidole.

"Soma," alisema, ingawa najua alijua kusoma.

Nikasoma. "Ndama wa Chelel. Mwenyewe, Mama Chelangat. Mahali, juu. Amechanjwa..."

"Amechanjwa nini?"

"Ndiyo."

Siku ile ya chanjo, tuliporudi nyumbani, Baba alikuwa ameniambia niweke ndiyo kwa ndama wote wa juu, kwa sababu dozi zote za juu zilikwisha. Nikaweka. Sikufikiri. Sasa neno hilo lilikuwa pale, na Mama Chelangat akiliangalia kwa muda mrefu.

"Na huyu wenu?" aliuliza. "Ako wapi hapa?"

Nilitafuta, ingawa nilijua. "Hayuko."

"Ile imekufa iko, na imechanjwa. Ile iko hai haiko." Alisema bila ukali, kama mtu anayejaribu kuelewa jambo la wageni. "Basi andika. Andika ni ya nani, halafu andika iko kwa nani. Si ni vitu mbili?"

"Ni vitu viwili," nikasema. Niliongeza safu. Ilinichukua muda, na Kogo alikaa kitandani akinisubiri. Nikaandika ndama wetu: mwenyewe Kogo, anakaa kwa Kogo, amechanjwa ndiyo. Kisha nikarudi kwenye mstari ule mwingine. Nilitaka kurekebisha. Nilitaka sana angalau kitu kimoja kiwe sawa kabla hajatoka chumbani.

"Huyu nimfute?" nilimuuliza.

Mama Chelangat alikuwa ameshafika mlangoni. "Wacha," alisema. "Umefuta ya kutosha." Akamuaga Kogo, akaenda kumalizia mahindi yake.

Niliuacha. Nilitumia kompyuta ile miaka mingine minne, nikajifunza mengi, hata hiyo sura ya sita nikaisoma kwenye kitabu cha mtu mwingine. Na kila nilipofungua jedwali lile nilimkuta ndama wa Chelel yuko hapo juu, wa Mama Chelangat, amechanjwa, ndiyo. Sikujua kama Mama Chelangat alikuwa amenisamehe au kama hiyo ndiyo ilikuwa adhabu yenyewe. Nimekuwa mtu mzima, na bado sijui.